UZI: Kutembelea vidimbwi vya mwambani maji yakipwa, bila kuumia wala kuumiza

Kidimbwi (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Mara kwa mara anatokea mtu anauliza jinsi ya kwenda kuangalia viumbe kwenye vidimbwi vinavyobaki miambani bahari ikipwa. Majibu anayopata huwa mawili: "hatari, usiende" au "nenda tu, hamna shida". Hakuna hata moja linalomsaidia. Mimi hushuka miambani kila nikipata nafasi, na jambo hili nalipenda kweli, kwa hiyo naliandika kwa kirefu.

Ushauri mkuu nautoa mapema kabisa: chagua kidimbwi kimoja, chuchumaa hapo, tulia. Anayerukaruka kutoka mwamba hadi mwamba ndiye anayeteleza, ndiye anayekanyaga viumbe, na ndiye anayerudi akisema hakuona kitu.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoua. Pwani nyingi duniani bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kunakofuata zinapita kama saa 12 na dakika 25. Ndiyo sababu muda wa kupwa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, na saa uliyoambiwa jana leo haikufai. Si kila mahali pako hivyo. Sehemu kadhaa za Ghuba ya Mexico hujaa na kupwa mara moja tu kwa siku. Sehemu kubwa ya Mediterania maji hayasogei sana, ilhali kwenye Ghuba ya Fundy, Kanada, hupanda na kushuka hadi karibu mita 16. Tafuta jedwali la maji la pale pale unapokwenda.

Siku nzuri ni za bamvua, yaani siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, wakati jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja. Maji huenda mbali na miamba ya chini kabisa hufunuka. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, utaishia kuona miamba ya juu tu. Lakini bamvua linaloenda mbali ndilo linalorudi na maji mengi, na hayarudi kwa mwendo mmoja. Wanamaji wana hesabu yao ya makadirio: gawa tofauti ya kimo cha maji kati ya kupwa na kujaa mara 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Mahali ambapo tofauti ni mita 3, saa ya kwanza maji hupanda sentimita 25 tu na unajiona uko salama. Saa ya tatu peke yake hupanda sentimita 75. Watu wengi hunaswa hapo, kwa sababu walipima kasi ya bahari kwa ile saa ya kwanza.

Kwa hiyo fika saa moja na nusu hadi mbili kabla ya maji kufika chini kabisa, yafuate yanavyorudi, na yakianza kugeuka nawe geuka. Usingoje yakuguse miguu. Mara nyingi hatari iko nyuma yako: kati ya mwamba uliosimama na ufukwe huwa kuna mkondo wa mchanga ulio chini kuliko huo mwamba. Mkondo huo hujaa kwanza, kimyakimya, wakati wewe bado uko pakavu umeinama unapiga picha. Ukifika tu, geuka utazame njia uliyopitia na ujiulize maji yatapita wapi yakirudi.

Halafu kuna mawimbi. Kabla ya kushuka, simama juu dakika 15 au 20 uitazame bahari. Mawimbi makubwa huja kwa mafungu, na ukitazama kwa dakika mbili tu unaweza kulikosa fungu zima. Mwamba uliolowa juu, mbali na maji, unakuambia kuwa wimbi limefika hapo muda si mrefu. Ukishashuka, usiipe bahari mgongo. Kama kuna dhoruba, radi au upepo mkali unaotoka baharini, ahirisha. Vidimbwi vitakuwepo.

Viatu viwe vya kufunika vidole, vyenye soli inayoshika. Ndara hazifai, peku hakufai. Ule utando wa kijani au mweusi juu ya jiwe una utelezi kuliko unavyoonekana, na vile vikombe vyeupe vilivyogandia mwamba (ni jamaa wa kaa na kamba, ingawa havifanani nao) vina kingo zinazochana ngozi vibaya. Kanyaga mchanga au jiwe tupu kavu. Hilo linakulinda wewe, na linawalinda wao pia, maana jiwe tupu halina wa kusagwa.

Usiende peke yako, na mwachie mtu habari ya uliko na saa ya kurudi. Hilo halihitaji maelezo.

---

Chumvi

Asante mkuu. Mimi nimewahi kwenda mara chache, lakini kusema kweli nikitazama kidimbwi naona maji na mwani basi. Wewe ukikaa hapo unaona nini?

---

Kidimbwi

Swali zuri mno, mkuu. Kaa upande ambao kivuli chako hakiangukii maji. Kivuli kwao ni ndege anayekuja kula, kila kitu kinajificha. Dakika za mwanzo ni kweli huoni kitu. Kisha konokono mmoja uliyedhani ni kokoto anatoa pembe mbili na kuanza kutembea. Gamba jingine linakwenda mbiombio, na konokono hakimbii, kwa hiyo huyo ni yule kaa anayeishi kwenye magamba ya konokono waliokufa. Baadaye samaki wadogo wanatoka chini ya ukingo, rangi yao ni ile ile ya mchanga, unawatambua kwa macho tu. Mwishoni, pale ulipoona donge kama la nyama lililojikunja, anemoni, mnyama laini anayefanana na ua, anafungua minyiri yake. Wote hao walikuwepo ulipofika.

Na tazama ukuta wa mwamba juu ya maji. Kuna konokono mwenye gamba la umbo la kofia, amebana kabisa. Maji yakijaa hutoka kwenda kulamba mwani juu ya mwamba, kisha wengi wao hurudi pale pale walipotoka, wakifuata njia ya ute waliouacha. Pale nyumbani kingo za gamba na mwamba zimesagana kwa muda mrefu mpaka zimeshikana kama kifuniko na chungu chake, ili maji ya mwilini yasikauke jua likiwaka. Meno yake yana nyuzi za madini ya chuma. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, walitangaza kwamba ndiyo malighafi yenye nguvu kuliko zote za viumbe hai zilizokuwa zimepimwa. Sasa mtu anakuja na kisu, anambandua "kuona chini kukoje", halafu anamweka jiwe la pembeni. Hapo hana tena mahali panapolingana na gamba lake. Atakauka au ataliwa.

---

Mama wa Wawili

Mimi nina watoto wa miaka 6 na 9. Hawawezi kukaa kimya dakika kumi, na kila kitu wanataka kushika. Je, nisiwapeleke? Na hao viti vya pweza (wale wanyama wenye umbo la nyota) naona watu wanawatoa majini wanapiga nao picha, ina madhara kweli?

---

Kidimbwi

Wapeleke, mama. Wapeleke kabisa. Mtoto aliyeona anemoni akifunguka hawezi kuisahau bahari. Ila wape kazi. Mmoja awe wa kutazama mawimbi na kutangaza, mwingine awe wa kutafuta nani kahama. Wewe simama upande wa bahari, wao wawe upande wa nchi kavu, na umbali kati yenu uwe wa mkono kumfikia. Hata maji ya magotini yenye mkondo humbeba mtoto.

Kushika: kidole kimoja, kilicholowa maji ya bahari, pale pale alipo mnyama, chini ya maji, taratibu. Wasimnyanyue, wala wasimbandue. Kabla ya hapo mikono isiwe na losheni, mafuta ya jua wala dawa ya mbu. Kidimbwi kidogo hakina maji ya kuyazimua hayo mpaka bahari irudi. Jimbo la Hawaii limepiga marufuku tangu Januari 2021 uuzaji wa mafuta ya jua yenye kemikali za oksibenzoni na oktinokseti bila agizo la daktari, kwa kuhofia matumbawe. Mashati ya mikono mirefu na kofia vinatosha kwa sehemu kubwa ya mwili. Na muhimu: sheria ya kidole kimoja inahusu wanyama unaowajua. Usiyemjua, macho tu.

Kiti cha pweza anatembea na kushika mwamba kwa mamia ya miguu midogo laini inayosukumwa na maji ya bahari yaliyomo mwilini mwake. Ukimvuta kwa nguvu, miguu hiyo hukatika na kubaki jiweni. Na hupumua kupitia ngozi yake ndani ya maji, hivyo ile picha unayopiga akiwa kiganjani, yeye hapumui vizuri. Mpige picha alipo. Inakuwa nzuri zaidi, rangi zinaonekana.

Tena huyo si pambo. Mwaka 1963 mwanaikolojia Robert Paine alianza kuwaondoa viti vya pweza kwenye kipande cha mwamba pwani ya jimbo la Washington, Marekani, anawatupa baharini, na kipande cha jirani akakiacha kama kilivyo. Kilichoachwa hakikubadilika sana. Kile kingine, kome waliteremka wakajaza nafasi yote, kwa kuwa mlaji wao hayupo, na wengine wakasukumwa nje. Ripoti yake ya 1966 inaonyesha spishi 15 zilishuka hadi 8. Mwaka 1969 akaliandika wazo la spishi nguzo, yaani spishi moja inayoshikilia jamii nzima ya viumbe wa mahali, ambalo leo linafundishwa kila mahali. Kuanzia 2013 ugonjwa wa kuoza uliwaua viti vya pweza kwa wingi mno pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Pwani iliyopigwa hivyo haihitaji na watalii waongeze.

---

Mwamba Mkavu

Mkuu, nadhani unazidisha kidogo. Bahari ni kubwa. Mimi nikichukua magamba mawili matupu, yasiyo na mnyama, nani ataumia? Na kuhamisha kaa kutoka kidimbwi kinachokauka kwenda chenye maji mengi si ni kumsaidia?

---

Kidimbwi

Hoja zako ni za haki, mkuu, nazijibu moja moja.

Gamba tupu ni nyumba inayosubiri mpangaji. Yule kaa niliyemtaja hawezi kujitengenezea gamba, na kadiri anavyokua lazima ahamie kubwa zaidi. Gamba zuri likipatikana, wakati mwingine kaa hujipanga kwa ukubwa. Mkubwa anahamia jipya, wa pili anachukua alilotoka, wa tatu linalofuata, mpaka mwisho wa mstari. Gamba moja linabadilisha makazi ya kaa kadhaa. Wasipopata, huingia hata kwenye takataka zetu. Utafiti wa visiwa vya Cocos (Keeling) katika Bahari ya Hindi na kisiwa cha Henderson katika Pasifiki ulikadiria kuwa zaidi ya kaa nusu milioni walikuwa wamenasa na kufia kwenye makopo na chupa za plastiki. Kwa hiyo ukitamani sana kutoka na kitu, toka na plastiki.

Kuhusu "mimi na mawili tu", hilo lilishatokea. Miaka ya 1850 Uingereza, mwanaasili Philip Henry Gosse aliandika kwa mapenzi makubwa kuhusu viumbe wa vidimbwi, na alikuwa miongoni mwa waliochangia viumbe kwa jengo la kuonyeshea samaki la bustani ya wanyama ya London lililofunguliwa 1853. Watu wakavutiwa, wakamiminika miambani na ndoo na patasi, kila mmoja akichukua kidogo cha kuweka nyumbani. Mwanawe Edmund, akiandika mwaka 1907, alisikitika kwamba vidimbwi alivyovijua utotoni akiwa na babake vilikuwa vimekwisha kuharibiwa. Na hao walikuwa watu walioipenda bahari.

Kuhamisha: kwanza, kidimbwi unachokiona kinakauka kitajaa tena ndani ya saa chache. Pili, kila mnyama yuko kwenye kimo chake kwa sababu. Mwaka 1961 mwanaikolojia Joseph Connell alichapisha majaribio aliyofanya Uskochi juu ya aina mbili za vile vikombe vyeupe. Ile ya juu inavumilia ukavu ambao ungeiua ya chini, na inaposhuka chini inabanwa na kusukumwa na ile nyingine inayokua haraka. Kimo cha juu huwekwa zaidi na jua na ukavu, cha chini na majirani na walaji. Ukimpeleka kaa mdogo kwenye kidimbwi kikubwa, huenda umempelekea mkunga chakula.

Mawe nayo, kwa kuwa watu hawaulizi: jiwe usilogeuza ndilo bora. Ukiligeuza, liwe dogo, taratibu, vidole visiingie chini yake, tazama kidogo, kisha lirudishe lilivyokuwa, upande ule ule juu. Chini wanaishi wasiostahimili jua, juu unaishi mwani usiostahimili giza. Ukiliacha limepinduka umeua pande zote mbili.

---

Maji Mafu

Tuongelee sumu. Kuna watu wanasema wanyama hatari wako kina kirefu tu.

---

Kidimbwi

Si kweli, na hapa naomba kila mtu asome polepole.

Kwenye Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki kuna konokono wenye gamba la umbo la koni, lenye nakshi za kuvutia sana. Wana jino kama chusa lenye sumu, na linaweza kufika mkono unaoshika gamba upande wowote. Spishi moja, *Conus geographus*, imeshaua watu. Gamba la umbo la koni usiliokote, hata kama una uhakika ni tupu, wala usilitie mfukoni. Pweza wa pete za buluu, anayepatikana Australia na maeneo mengine ya Pasifiki na Bahari ya Hindi, anatosha kiganjani. Pete zinang'aa akishtuka. Aking'ata huenda usihisi maumivu, kisha misuli ya kupumulia inalegea. Kwa wote wawili hakuna dawa ya kuzima sumu. Kinachookoa ni kupiga simu ya dharura mara moja, kumtuliza mtu asitembee, na akishindwa kupumua, kumpulizia pumzi bila kukoma mpaka wataalamu wafike. Mara nyingi akili yake iko timamu ingawa hawezi hata kufumbua macho, kwa hiyo usimkatie tamaa.

Samaki-jiwe hulala kwenye matumbawe na mchanga wa maji mafupi, miiba ya mgongoni juu. Ukimkanyaga maumivu ni makali kupita kiasi. Chovya mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasizidi nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90, huku safari ya hospitali ikiandaliwa. Mtu mwingine ayapime maji kwanza, maana aliyechomwa anaweza kujiunguza bila kujua. Maji ya moto husaidia pia kwa miiba ya wale wanyama wa duara wenye miiba mingi kama sindano. Iliyoingia ndani usiipondeponde, na ikiwa karibu na kiungo mwone daktari.

Michubuko ya kawaida, osha kwa maji safi siku ile ile. Kwenye maji ya uvuguvugu kuna bakteria aina ya *Vibrio* ambao kwa mwenye ugonjwa wa ini au kinga dhaifu hugeuka hatari haraka. Jeraha likivimba, likiwaka moto na homa ikaja, usingoje asubuhi.

Kanuni inayofunika yote hayo: mkono usiingie pale jicho halijafika. Mashimo na nyufa ni za wenyewe.

---

Mama wa Wawili

Nimeelewa, asante sana. Je, ndoo ndogo ya kuangalizia inakubalika? Wanangu watalia nikiwanyima.

---

Kidimbwi

Chombo cha plastiki kinachoonyesha, kwa muda mfupi, sawa, kama sheria za eneo zinaruhusu. Maeneo mengi ya hifadhi ya bahari hayaruhusu kuchota kitu chochote, soma kibao kabla ya kushuka. Chota maji ya kidimbwi hicho hicho, weka mnyama mmoja tu, kivulini. Maji machache juani hupata moto ndani ya dakika chache na hewa hupungua. Dakika mbili tatu, kisha mrudishe pale pale alipotoka, kwa kuizamisha ndoo atoke mwenyewe. Wavu uacheni nyumbani, unang'oa minyiri na miguu. Hata bora kuliko ndoo ni chombo chenye kitako cha kuonyesha: kibonyeze juu ya maji, uchungulie ndani, mng'ao wa jua hauonekani tena. Watoto hukipenda kuliko ndoo.

---

Chumvi

La mwisho. Nikipiga picha, naweza kuzitumia kwa faida yoyote ya kisayansi, au ni za kwangu tu?

---

Kidimbwi

Zina faida sana. iNaturalist, tovuti na programu ya simu, inapokea picha za viumbe pamoja na mahali na tarehe, na watu wanaojua husaidia kutaja spishi. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zinaonyesha spishi fulani imeanza kuhamia maji ya baridi zaidi au imetoweka mahali. Kwa mnyama adimu ambaye watu humtafuta kumuuza, ficha mahali hasa. Programu ina nafasi ya kufanya hivyo. Na usitumie mwanga wa kamera usiku mbele ya macho ya pweza au kaa.

Mkileta picha humu tusaidiane kutambua, wekeni kipimo kwenye picha, hata kalamu pembeni, bila kumgusa mnyama. Mseme alikuwa juu, katikati au chini ya mwamba, na ilikuwa muda gani kabla au baada ya maji kupwa.